Tekla Kwenye Theluji

Jumatano, 15 Aprili 1874

Wamecheka. Watu wazima, wenye kofia za hariri na fimbo za mpini wa fedha, wamesimama mbele ya marehemu mke wangu wakamcheka!

Kalamu imetoboa karatasi. Si uzee. Ni hasira.

Leo Vaudrey na wenzake wamefungua maonyesho yao. Anselme Vaudrey ni jirani yangu wa ghorofa ya juu hapa mtaani Batignolles, Paris, mchoraji, kijana ambaye suruali yake ina rangi nyingi kuliko turubai zake. Wamekodi vyumba vya mpiga picha mmoja aliyehama, kule kwenye barabara ya matajiri. Hawakumwomba mtu ruhusa. Maonyesho Makuu ya serikali yana jopo la waamuzi, na mwaka baada ya mwaka jopo limekuwa likiwarudishia picha zao zimepigwa mhuri nyuma – R, kwa Kifaransa yaani imekataliwa. Safari hii wakasema: basi, tutajitundikia wenyewe. Nami niliyeikimbia nchi yangu kwa kosa la kutomwomba Kaisari wa Urusi ruhusa, nikawapenda papo hapo.

Picha ya Tekla, mke wangu, iko chumba cha mwisho, kushoto kwa dirisha. Ni yangu, nimewaazima tu. Ua wetu, asubuhi, theluji, na mwanamke anauvuka kuelekea mlangoni. Ndiyo yote.

Bwana mmoja akauliza: "Hiki nini sasa, kunguru?" Mkewe: "Wewe nawe! Ni doa. Kafutia brashi hapo akasahau." Wa tatu akadakia kwamba farasi wake ana mkia mzuri, kesho atamnunulia rangi. Chumba kizima kikaangua kicheko.

Nikamgusa bega yule wa farasi. Nikamwambia, kwa lafudhi yangu ambayo miaka arobaini na mitatu ya Paris haijaiondoa: "Bwana, doa hilo ni mke wangu."

Akavua kofia. Akasema pole sana. Kisha akageuka, na mabega yakawa yanamtikisika.

Alhamisi, 16 Aprili

Nimetulia kidogo. Niandike jinsi ilivyokuwa, nisije nikaanza kuwaamini wale.

Januari ya mwaka jana. Theluji usiku kucha. Asubuhi Vaudrey ameshuka uani na turubai yake, vidole vimepiga wekundu kama karoti. Mama Bousquet, mlinda mlango wetu, anamfokea kutoka dirishani kwamba wendawazimu wana nyumba yao na si hii. Lakini huu ndio mtindo wa hawa vijana: hawachori ndani. Siku hizi rangi huuzwa zimetiwa kwenye vibomba laini vya bati. Mtu anavitia mfukoni na kukifuata kitu pale kilipo – mtoni, shambani, stesheni ya treni, uani kwetu. Walimu wao wakubwa huchora ndani kwa miezi, mwanga uleule mmoja, na kila kitu kinatoka cha kahawia kama mchuzi wa nyama. Hata bahari!

Mimi nilishuka kumdhihaki. "Theluji gani hii ya buluu, kijana?" Hakubishana. Aliniambia tu: "Mzee Ludomir, litazame lile pipa. Kivuli chake."

Nikatazama. Kilikuwa cha buluu! Pembeni kinaingia zambarau. Miaka sitini na sita nimekanyaga theluji, katika nchi mbili, na sikuwahi kuiona. Nilikuwa nikiona neno "nyeupe" na kupita.

Basi nikasimama pale mpaka miguu ikafa ganzi. Kwenye kibao chake hapakuwa na rangi nyeusi hata tone. Nikamuuliza, giza unalipataje? Akasema giza lina rangi zake, mwenye haraka ndiye anayeliita jeusi. Anaweka mpigo wa buluu, kando yake mpigo wa rangi ya machungwa, haichanganyi, anaiacha ikae kama majirani. Ukikaribia ni vurugu. Ukirudi nyuma, jicho lako linaichanganya lenyewe na jua linatoka. Na lazima awe mwepesi, kwa sababu mwanga haungoji. Baada ya dakika chache ua ule si ua ule.

Tekla alimpelekea bakuli la supu yetu ya bitiruti. Alipokuwa anarudi, amejikunja ndani ya shali yake, yule kijana akamnasa. Mipigo minane au kumi. Shali yake nyeusi ikawa buluu, kijani na wekundu wa divai. Uso – mguso mmoja wa waridi. Macho hakuna. Mdomo hakuna.

Jioni Tekla aliitazama, mikono kiunoni. Nilidhani atakasirika. Akasema: "Ndiyo. Nilikuwa na haraka, maziwa yalikuwa motoni."

Alijitambua kwa haraka yake! Nani mwingine aliwahi kumchora hivyo?

Oktoba alifariki. Baada ya maziko Vaudrey alishuka na picha chini ya kwapa, akaiegemeza ukutani, akaondoka.

Ndiyo picha pekee. Tekla hakukubali kupigwa picha ya kamera maisha yake yote. Alisema atapigwa siku tukirudi kwetu. Hataki sura yake ya ukimbizini ibaki. Hatukurudi.

Jumapili, 19 Aprili

Chakula cha mchana kwa binti yangu Felicja. Wafaransa humwita Félicie na siku hizi hata yeye hugeuka kwa jina hilo.

Nilijua kuna jambo tangu kwenye supu. Mumewe, Théodule Marchais, anauza glavu kwa jumla, ni mtu safi, kucha zake zinang'aa. Alikuwa anakata kuku taratibu mno. Kisha akasema walikwenda Ijumaa. Kwenda wapi? Kule kwenye maonyesho.

Felicja hakuwa ameiona picha tangu niipate. Kwangu ilikaa chumbani, na yeye hakuingia chumbani tangu mama yake aondolewe mle. Basi kaiona kwa mara ya kwanza ukutani, katikati ya vicheko.

"Baba," alisema, "mama amekuwa kichekesho cha mjini."

Nikamwambia anayechekesha ni anayecheka. Théodule akasema kwa upole – upole wake unanichosha kuliko matusi – kwamba kazi haijamalizika, baba mkwe, kila mtu anaona. Hata mtoto akichora mtu huweka macho. Nikamuuliza: ukimwona Félicie mwisho wa barabara, theluji inaanguka, unamjua? Akasema naam. "Unaona kope zake?" Akarudia kukata kuku. "Basi unamjuaje?"

Felicja akaweka uma chini. Nikajiona mshindi. Sasa niko nyumbani, sina hakika nilimshinda nani.

Jumamosi, 25 Aprili

Gazeti la dhihaka limewapa jina! Kuna picha moja ya bandari wakati jua linachomoza, na mchoraji wake ameiita mguso – *impression* – maana ndicho alichokichora: si bandari, ni jinsi bandari ilivyomgusa asubuhi ile. Basi mwandishi yule akajipatia mzaha wake. Anawaita Waimpreshonisti. Eti karatasi ya kubandika ukutani imemalizika vizuri kuliko kazi yao.

Kumalizika, kumalizika! Jiji zima limepata neno moja linaling'ang'ania kama mbwa na mfupa. Kwao picha iliyomalizika ni ile iliyolainishwa mpaka alama ya mkono imefutika, ikapakwa vanishi ikang'aa kama kiatu. Kwamba kuna mtu aliyesimama kwenye baridi akaona kitu kikweli – hilo ni aibu, lifichwe.

Mama Bousquet kaniuliza kama ni kweli mimi ni miongoni mwa hao wa gazetini. Alishakwenda kutazama, faranga nzima, analalamika. "Ila ya mama Tekla nimeielewa, mzee. Ukiwa mbali ni mzuri, ukisogea huoni kitu. Kama marehemu mume wangu."

Nilicheka mara ya kwanza wiki hii. Halafu nikakasirika tena, kwa mazoea.

Jumatatu, 27 Aprili

Théodule amekuja. Peke yake, saa za kazi. Kofia mapajani.

Amepata ufumbuzi, anasema. Maonyesho yakifungwa, kabla picha haijarudi kwangu, iwekewe uso. Macho, pua, mdomo – kazi ya asubuhi moja. Kisha vanishi, kisha fremu ya dhahabu badala ya ile nyeupe kama ya hospitali. Itundikwe sebuleni kwao, wajukuu waione. Yeye atagharamia yote.

Nilidhani sijasikia. Nikamwomba arudie. Akarudia, neno kwa neno, kama anayetangaza bei.

Nikamuuliza: kaburi lake je, halijamalizika? Tuliongezee mlango?

Akasimama. Akasema nina haki ya kukasirika, lakini Félicie halali, na yeye ndiye anayelala kando yake. Akasema pia – mlangoni, amevaa glavu moja – kwamba Vaudrey mwenyewe hana pingamizi.

Vaudrey mwenyewe!

Nilipanda ngazi mara moja. Hayupo. Nimegonga mpaka Mama Bousquet akapiga kelele kutoka chini kwamba mlango haujanikosea kitu.

Jumatano, 29 Aprili

Nimempata. Alikuwa amelala na viatu.

"Ni kweli?" – "Mzee, kaa kwanza." – "Ni kweli?" – "Ni kweli."

Nilimwambia yote. Kwamba yeye ndiye aliyenifumbua macho uzeeni, na sasa anataka kumpaka mtu mwingine macho ya uongo. Kwamba mtu anayemwambia mwenzake giza halina weusi hawezi kesho kuchovya brashi kwenye weusi na kumtia mke wangu kope. Kwamba afadhali wale wenye kofia – wao walicheka, hawakugusa!

Alisikiliza. Kisha akainua uso, nikaona amekonda.

"Mzee Ludomir, wewe unakuja pale kwa saa moja tu, unakasirika, unarudi nyumbani kula. Mimi nimesimama pale tangu siku ya kwanza. Nawasikia wote. Unajua ilivyo, kusikia kitu kilekile siku nzima kutoka kwa watu wasiojuana? Unaanza kujiuliza kama si wewe ndiye kichaa."

Akasema Théodule ameahidi kumpeleka kwa rafiki zake wafanyabiashara. Wanataka sura za wake zao. Zenye macho, bila shaka. Akacheka vibaya.

"Na binti yako alikuja mwenyewe," akasema. "Alilia hapo, kwenye kiti hicho. Nifanyeje? Nimwambie kuhusu vivuli?"

Hasira imezidi. Nimeshuka bila kuaga. Kwangu ndani nikakumbuka jibu zuri sana. Halifai tena.

Jumapili, 3 Mei

Siku ya Katiba yetu Wapolandi. Misa, kisha wakimbizi tukakusanyika kama kila mwaka, na kila mwaka viti vitupu vinaongezeka. Nilikuwa nimeahidi miezi iliyopita kuwazungumzia wazee wenzangu juu ya uchoraji mpya. Mwalimu wa Kilatini aliyestaafu, wanadhani najua kila kitu.

Nilijitahidi. Niliwaeleza jopo na mhuri wake, vibomba vya rangi, rangi zisizochanganywa, vivuli. Niliwaambia vijana hawa hawachori wafalme wala miungu wa Kiyunani. Wanachora mfuaji nguo, daraja, moshi wa treni, watu wanaokula Jumapili kando ya maji – na kwamba kila kimoja wanakipa heshima ya kukitazama kana kwamba kesho hakipo. Nilidhani watu waliopoteza nchi wataelewa hilo kuliko wote.

Meja Gorzechowski, mguu mmoja wa mti, akagonga sakafu nao. "Ludomir! Mchoraji asiye na vita vya kuchora ana kazi gani? Taifa letu limezikwa, wewe unatuletea wafuaji nguo?"

"Waliozikwa pamoja nalo walikuwa na nguo za kufuliwa, Meja."

"Wana macho hao watu wake? Nasikia hawana macho!"

Vicheko. Hata hapa. Kwa Kipolandi, lugha yangu, wamemcheka Tekla aliyewapikia wote pale! Sikuwaambia ni yeye. Nikavaa koti. Mwenye macho haambiwi tazama, nikasema, na nikatoka – na nje mvua ilikuwa imekoma, na barabara nzima imelowa inang'aa, kijani chini ya miti, dhahabu kwenye matope, na farasi wa kijivu alikuwa wa waridi tumboni. Nilisimama kama mjinga. Nilitaka kumwonyesha mtu.

Jumatano, 6 Mei

Felicja amekuja. Ameketi pembeni ya kitanda, chumbani – ameingia chumbani! – na hakuvua kofia.

Nilikuwa na hotuba tayari. Hakuniacha nianze.

"Baba, wewe unaye. Ukifumba macho unamwona. Mimi asubuhi naamka, nina sauti yake tu. Sauti inaniita, uso hakuna. Nimejaribu kupitia nywele, kupitia pete zake za masikio, nafika mpaka hapa" – akagusa shavu – "halafu hakuna kitu. Kisha nakwenda kwenye ile picha, na humo pia hakuna kitu. Mtu mmoja ameuchora ugonjwa wangu akautundika ukutani watu wacheke."

Ee Mungu.

Nikamwambia macho ya kubuni hayatamrudisha. Akasema hata yasipomrudisha, yatakuwa macho. Akauliza, kwa sauti ya mama yake kabisa, kama nampenda zaidi mke wangu au mpigo wa brashi. Swali la dhuluma! Nilimwambia ni swali la dhuluma. Akasema anajua.

Hatukuagana vizuri. Sijui ni nani nimkasirikie leo, na hasira isiyo na mtu inachosha.

Jumamosi, 16 Mei

Maonyesho yalifungwa jana. Wamepata hasara, na jina walilotukanwa nalo, basi.

Vaudrey ameleta picha. Hakuiwekea uso mpya; alisema hawezi kuanza bila kuuliza. Walikuwepo wote: Théodule na saa yake ya mfukoni, Felicja, mimi. Picha ikaegemezwa kwenye kabati. Nilikuwa nimekwisha kukubali – nakiri kwa karatasi hii tu – au nilikuwa nimechoka, ambako kunafanana.

Vaudrey akafungua sanduku lake la rangi. Akatoa brashi nyembamba ambayo sijawahi kumwona nayo. Akauliza bila kututazama:

"Macho yake yalikuwa ya rangi gani?"

"Kijivu," nikasema.

"Kijani," akasema Felicja.

Tulisema pamoja. Tukatazamana.

"Kijivu, Felicja. Nimeishi naye miaka thelathini na minane."

"Baba, kijani. Alikuwa akinisuka kando ya dirisha la jikoni, uso wake ulikuwa hapa, hapa! Kijani, na vitone vya manjano."

Jikoni mle, dirisha linatazama mti wa uani, na mwanga huingia umepita kwenye majani. Mimi nilizoea kumwona jioni, karibu na taa, au alfajiri. Nikageukia mlango wa jikoni.

Théodule, mtu wa suluhu: "Weka kahawia. Nani atajua?"

Kahawia! Felicja alimgeukia kwa jicho ambalo sijawahi kuliona kwake tangu aolewe. Akasema: "Théodule, nyamaza." Mbele za watu! Maskini akaitazama saa yake, akaizungusha ufunguo bila sababu.

Vaudrey alikuwa bado ameshika brashi. Ilikuwa kavu. Akasema atarudi kesho saa tano, tukubaliane kwanza sisi wenyewe. Ameacha picha. Ameacha na sanduku – kwa kusahau au kwa kusudi, sijui. Brashi ile amekwenda nayo.

Jumapili, 17 Mei

Felicja amefika kabla ya misa. Peke yake. Ameniomba nimwachie chumba, kisha akabadili nia, akasema nibaki ila nisiongee. Nisiongee! Nyumbani kwangu!

Nimekaa mezani na daftari hili, mgongo kwake. Naandika ili nisiongee.

Mwanzo alisimama karibu kabisa na picha, pua karibu iguse. Nilijua anachokiona: vurugu. Nilitaka kumwambia arudi nyuma. Niliuma kalamu.

Amerudi nyuma mwenyewe. Hatua moja. Amengoja. Nyingine. Amegonga kitanda, amekaa.

Kengele za kanisa zimelia, zimenyamaza. Misa imemwacha.

Ameuliza – yeye anaruhusiwa kuongea – mama alikuwa anakimbilia nini. Maziwa, nikasema. Nadhani hilo halikuhesabiwa. Nikasikia kama kicheko kidogo puani, au hakikuwa kicheko.

Sasa nimethubutu kugeuka. Ameinamisha kichwa upande, kofia iko sakafuni. Mkono wake umeinuka hewani, kiganja wima, kama mtu anayepima kimo cha mtoto, au cha mtu mzima anayemkaribia. Ameniona namtazama.

"Baba, sogea. Unanizibia mwanga."

Nimesogea. Naandika haya nimesimama, daftari juu ya rafu ya vitabu.

Hatua ngazini – za Vaudrey, huruka ngazi mojamoja. Ni saa tano. Anagonga.

Felicja haondoi macho kwenye picha; hakuna anayekwenda kufungua.

Anagonga tena.